Mama Yangu Hakuwa Mgonjwa

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa pili, joto la Johannesburg likiwa bado halijapungua, nilipoingia kwenye ukumbi wa michezo wa chuo pale Doornfontein bila kuitwa na mtu. Sikiliza hapo, Zuhura, mtoto wa kaka yangu, na hiyo simu iweke chini. Bila kuitwa na mtu. Hakukuwa na barua, hakukuwa na kocha aliyekuja nyumbani kumbembeleza baba. Niliingia mwenyewe, nikasimama pembeni ya uwanja na kusema nataka kucheza mpira wa kikapu.

Nakusimulia haya kwa Kiswahili makusudi. Najua unanielewa vizuri, hata kama utanijibu kwa Kiingereza na kumalizia kwa Kizulu. Na nakusimulia leo kwa sababu jana mchana, nikiwa na gauni la mteja chini ya sindano, kocha wako alinipigia simu. Mtu mpole yule, anaomba radhi kabla hajasema kitu. Akaniuliza, shangazi, Zuhura yuko salama? Mazoezi matatu hajaonekana. Nikageuka, nikakuona umejilaza kwenye kochi langu, miguu imepita mkono wa kochi inaning'inia hewani, unacheka na simu. Wiki tatu tu tangu uingie kwenye timu! Wiki tatu! Nilimaliza kuongea na kocha nikanyamaza, maana ningesema jana ningesema vibaya. Leo nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Urefu huo ulionao umeutoa kwetu. Baba yangu, babu yako, alikuwa Mzulu mrefu aliyeishi Tanzania miaka ya uhamishoni, akamwoa mama yangu Morogoro, na nchi hii ilipofunguka akatuleta huku, tukapanga nyumba mtaa wa Bertrams. Mimi nikachukua kimo chake chote. Darasani nilikaa nyuma ili wenzangu waone ubao. Mama alikuwa fundi cherehani, na hata yeye alichoka kuongeza pindo la sketi zangu kila muhula. Na kila niliposimama kwenye roboti kungoja taa zituruhusu kuvuka barabara, lazima mtu aniulize, "Sista, unacheza basketi?" Nilijibu hapana miaka mingi mpaka nikachoka. Nadhani nilijiunga na ile timu ili siku moja nipate kujibu ndiyo. Sababu ya kijinga, lakini ndiyo niliyokuwa nayo, na nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Kocha wetu aliitwa Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi. Asubuhi alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi Marshalltown, saa tisa alasiri anavua sare na kuja kutufundisha sisi wasichana wa chuo. Alinitazama kuanzia viatu kupanda juu, na alichukua muda wake.

"Ulisha kucheza?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, kocha."

Akakuna kichwa, akatazama goli, akanitazama tena. "Bon. Ingia. Tutaona."

Sasa elewa jambo hili, maana bila hili hutaelewa mengine. Timu ilikuwa na nafasi kumi na mbili za mashindano, na kumi na mbili zilikuwa zimejaa. Wiki ile majina yalitakiwa kupelekwa, na mchezo wetu wa kwanza ulikuwa na wasichana wa chuo kimoja cha Pretoria, ambao walisifika kwa kimo. Sisi tulikuwa na mrefu mmoja tu. Kocha Ilunga akatuita katikati ya uwanja, akasema mbele yetu sote kwamba ataniweka mimi, na atakayetoka ni Thandeka.

Thandeka alikuwa wa mwaka wa tatu, msichana mfupi mwenye mabega mapana, ametoka vijijini huko Eastern Cape. Alikuwa amefanya mazoezi miaka miwili akingoja nafasi, na ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Nilimwangalia usoni nikitegemea machozi au matusi. Akasema, "Sharp, kocha," yaani sawa, akaokota mpira na kuendelea kuudunda. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika ukumbini.

Na mimi? Kichwa kilinivimba, mwanangu. Nilirudi Bertrams nikimwambia kila mtu, mpaka mwenye spaza aliyetuuzia mkate, kwamba nimechukuliwa kwenye timu siku ya kwanza tu, wengine wamehangaika miaka miwili. Nilisema hivyo kweli. Mama alinitazama juu ya miwani yake akaendelea kushona.

Nilidhani mpira wa kikapu ni kusimama chini ya goli na kunyoosha mkono, kama mtu anayetoa kopo kwenye rafu ya juu. Kumbe ni kukimbia. Kocha Ilunga alitukimbiza ngazi za ukumbi mpaka mapaja yakatetemeka. Alitufanya tudake mpira, tuutoe, tuudake, tuutoe, mpaka viganja vikawaka moto. Kati ya mipira mitano, mitatu iliniponyoka. Wenzangu hawakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana wangenicheka ningepata sababu ya kugombana nao na kuondoka. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili nilianza kuangalia saa. Kulikuwa na tamthilia moja kwenye televisheni, ilianza saa kumi alasiri, na mazoezi nayo saa kumi.

Jumatatu moja nilifika mlangoni na begi langu, nikamwambia kocha, "Mama anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kifua."

"Pole sana. Enda umuangalie."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikamkuta mama mzima kama chuma akiimba huku anakata vitambaa vya sare za shule. Jumanne nikamwambia kocha bado anaumwa. Jumatano nikasema hali imezidi, na nilipoona uso wa kocha umebadilika nikajisikia vibaya kwa muda wa kuvuka barabara moja tu, basi. Alhamisi hata kwenda kuaga sikwenda. Nilijua yaliyobaki watajijazia wenyewe.

Nao wakajijazia.

Alhamisi hiyo hiyo, nikiwa nimejinyoosha mbele ya televisheni, nikasikia sauti getini. "Hodi! Hodi hapa!" Sauti ile niliifahamu. Nilichungulia dirishani. Kocha Ilunga amesimama nje na shati safi, na nyuma yake wasichana wanne wa timu, wamechoka kwa jua, wametembea kwa miguu kutoka Doornfontein. Thandeka alikuwa mbele yao, amekumbatia mfuko wa machungwa.

Na mama yangu, huyo mgonjwa wa kifua, ndiyo kwanza alikuwa anakatiza uani amebeba godoro kichwani, anakwenda kulianika.

"Mama," kocha akasema kwa heshima, "tulikuja kuona mama ya Neema. Tulisikia iko mugonjwa sana."

Mama akasimama. Godoro likasimama naye. "Mama Neema ni mimi."

"Ni weye?" Kocha akamtazama, akalitazama godoro. "Ulisha kupona?"

"Kupona nini, baba?"

Wasichana wakatazamana. Nilikuwa nyuma ya pazia, na hata sasa nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Mama hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Alilitua godoro juu ya ukuta, akafuta mikono kwenye khanga, akatazama moja kwa moja kwenye dirisha nilipojificha. Kisha akawageukia wageni, sauti imelainika. "Karibuni ndani, wanangu. Jua kali. Karibuni."

Akawapikia chai ya tangawizi. Akawatolea maandazi aliyoyachoma asubuhi. Mimi alinikalisha kwenye kigoda katikati ya chumba, kila mtu ananiona, na hakunisemesha neno. Alizungumza na kocha habari za Lubumbashi na Morogoro, wakacheka namna kila mmoja anavyokisema Kiswahili. Kisha akamgeukia Thandeka, kwa Kizulu chake kibovu, akamuuliza nani aliyefikiria kuja kumwona.

"Ni mimi, mama," Thandeka alisema. Alikuwa anaangalia kikombe chake. "Mama yangu aliumwa mwaka jana, akafariki. Nilikuwa huku chuoni. Hakuna mtu wa chuo aliyekuja kuniuliza. Kwa hiyo nilipomsikia Neema, niliwaambia wenzangu twende."

Mama alimshika mkono. "Pole, mwanangu. Pole sana." Hakuachia mkono ule kwa muda mrefu. Na machungwa, mwanangu, yalikuwa pale mezani mbele yangu, nane, yameoshwa kabisa.

Kocha hakunigombeza mbele ya mama. Alinisubiri getini, wenzangu wametangulia kidogo barabarani, ndipo akasema. "Neema. Weye uko murefu, ni kweli. Ile nguzo ya umeme pa njia iko murefu kukupita. Lakini haiko mu timu." Akaondoka. Sikuwahi kusikia mtu amechoka na mimi namna ile.

Niliporudi ndani, mama alikuwa anakusanya vikombe. Nilitegemea kofi, na kusema kweli ningelipokea vizuri kuliko nilichopata.

"Neema, mimi nimekukosea nini hata unitie ugonjwa?"

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza. Ungesema umechoka. Watu wanachoka. Ungesema mpira umekushinda, ningekucheka siku mbili, tukaendelea na maisha. Wewe umewatembeza watoto wa watu juani kuja kumpa pole mzima. Nani alikupeleka kwenye hiyo timu? Baba yako? Mimi?"

"Hapana."

"Yule kocha alikuja hapa kukuomba?"

"Hapana, mama."

"Ulijipeleka. Mwenye kulazimishwa angalau ana la kusema. Wewe una la kusema?"

Akabeba sinia la vikombe, na alipofika mlangoni akaongeza, bila kugeuka, "Na yule binti ndiye aliyetolewa kwa ajili yako. Ulijisifu mwenyewe mpaka dukani, usidhani sikusikia."

Ijumaa nilifika ukumbini kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa nimelia usiku kucha, nikapata wazo ambalo niliona ni la kishujaa. Nikamwambia kocha anitoe, amrudishe Thandeka. Kocha aliweka chini daftari lake na kuvuta pumzi. "Majina nilisha kutuma. Haibadilike tena. Na ile uongo ulinidanganya mimi tu?" Akanyoosha kidole kuelekea upande wa pili wa uwanja, ambako Thandeka alikuwa ameketi anafunga kamba za viatu.

Nikaenda. Nikamwambia nimekosa, nikamwambia nataka achukue nafasi yangu.

Aliendelea kufunga kamba. "Ulishamuuliza kocha?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Kwamba majina hayabadiliki."

"Eish, Neema." Sasa akaniinulia uso, na hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Kwa hiyo unanipa kitu ambacho unajua siwezi kukichukua. Ulipokuwa unaweza kunipa, ulikuwa wapi?"

Nakwambia, Zuhura, nimegombezwa na watu wengi katika maisha yangu, waajiri, wakwe, maofisa wa uhamiaji waliokuwa wakimsumbua mama yangu na makaratasi, lakini hakuna neno lililonikaa kama hilo. Nilikuwa nataka kuonekana mwema kwa siku moja, kama nilivyotaka kuwa mchezaji kwa siku moja. Yeye aliliona hilo wakati anafunga kamba za viatu.

Mchezo ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku zile chache nilifanya mazoezi kama mwenda wazimu, lakini wiki moja ni wiki moja. Nilikaa benchi robo tatu nzima nikiomba kimoyomoyo nisiitwe. Robo ya mwisho mrefu wetu akapigiwa filimbi ya faulo ya tano, akatolewa. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Kocha akageuka kwenye benchi, na mrefu aliyebaki ni mimi.

Niliingia. Nilimkuta msichana wa Pretoria ananifikia begani, ananisukuma kwa kiuno kama anafungua mlango. Nilikimbia huku na huko nikiwa sijui nakimbilia nini. Zikabaki sekunde chache. Nahodha wetu akapenya, walinzi wote wakamfuata, na mimi nikabaki peke yangu chini ya goli, hakuna mtu karibu yangu. Hakuna mtu! Akanipa pasi nzuri, ya moja kwa moja. Mikono yangu ilikuwa bado mapajani. Mpira ukanipiga hapa, kati ya pua na mdomo, ukatoka nje, filimbi ikalia, mchezo ukaisha.

Watu walicheka. Siwalaumu. Mimi nilikaa sakafuni na damu ya pua, na aliyeteremka kutoka kwenye viti vya watazamaji na taulo lenye maji alikuwa Thandeka. Alinishika kichwa, akanifuta. Nikasubiri aniambie haidhuru, hutokea.

"Ule mpira ningeudaka," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema ukweli wake, nami nikaitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. Tulitolewa kwenye mashindano siku ile ile. Mwisho wa mwaka akamaliza masomo, akarudi kwao. Hakucheza mchezo hata mmoja wa mashindano.

Mimi nilibaki. Kocha Ilunga hakunifukuza, sijui kwa nini, labda alikuwa amechoka hata kufukuza. Alinisimamisha mbele ya ukuta kila jioni nirushe mpira na kuudaka, mwaka mzima, yeye amekaa kwenye kiti anakula karanga na kuguna kila ukiniponyoka. Nikajifunza. Mwaka wa tatu nilikuwa mchezaji wa kutegemewa, si nyota, wa kutegemewa, na Pretoria tuliwafunga. Nilifurahi. Lakini nilijua kuna mchezo mmoja ambao hautachezwa tena, na haukuwa wangu peke yangu.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikafungua kibanda changu cha ushonaji. Siku moja niko Marshalltown nimekwenda kununua nyuzi na zipu, nikasikia jina langu. Alikuwa Thandeka, amenenepa, amependeza, anafanya kazi ofisini jirani na pale. Tulikumbatiana kwa furaha ya kweli. Tukacheka habari za kocha na ngazi zake. Kisha akauliza, "Na mama yako, hajambo?"

Mama yangu alikuwa amefariki wiki sita kabla. Kifua. Nilimwambia, "Mama alifariki."

Na Thandeka akanitazama.

Ilikuwa sekunde moja tu, labda haikutimia. Macho yake yalipita usoni kwangu, yakitafuta, ndipo yakalainika, ndipo akanishika na kusema pole. Aliniamini. Lakini aliniangalia kwanza. Hakujua kama nimeona, nami sikumwonyesha. Nililia siku ile nikiwa na mfuko wa zipu mkononi, na yeye alidhani namlilia mama peke yake.

Sasa mwanangu, usiniambie eti nyakati zimebadilika. Najua zimebadilika, siku hizi hata uongo unautuma kwa simu huku umelala. Sikukatazi kuuacha huo mpira. Ukiona haukufai, vaa viatu sasa hivi, nenda kamwambie kocha wako uso kwa uso, ili aliyetolewa kwa ajili yako arudishwe wakati bado inawezekana kumrudisha. Maana yupo. Hukumuuliza jina, lakini yupo, na jioni hii atakuwa ukumbini. Na ukiamua kubaki, basi baki kweli. Nenda siku unayotaka na siku usiyotaka. Kimo umezaliwa nacho, hukukifanyia kazi, kwa hiyo usitembee nacho kama cheti. Na usilitumie jina la mtu wa nyumbani kujifichia, si langu, si la baba yako, kwa sababu watu watakuja kukuamini tena, ndiyo, watu wana huruma, lakini watakuangalia kwanza, na siku utakayohitaji kuaminiwa papo hapo utaona jinsi sekunde ilivyo ndefu.

Nimemaliza. Nimekukaripia kwa sababu nakupenda, na kwa sababu kochi langu limelegea. Mungu wa mababu zako wa Morogoro na wa huku akupe pumzi, akulindie magoti, akupe wenzako watakaokwambia ukweli wakikufuta damu. Na neno lako, popote utakapolisema, lipokelewe lilivyo. Amina.